Mkono wa Pedeli wa Bakari

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Bismillahi. Nazi nimekwisha kukuna, kunde ziko motoni, sasa naandika. Nyumbani hatujambo. Mzee Salimu, mume wangu, hajambo, amekwenda na mbuzi wake. Mama mkwe hajambo ila goti. Zaituni, mke wa Bakari, hajambo, mimba yake imeingia mwezi wa saba. Bakari mwanangu hajambo, na hapo namshukuru Mungu mara mbili. Mimi mwili sijambo. Moyo ndio hautulii.

Kwenye masomo ya watu wazima tulifundishwa kuanza kwa salamu. Najiandikia mwenyewe, lakini kuanza vingine sijui.

Baiskeli ndiyo inayonikosesha raha. Bakari ni kibarua kwenye hoteli moja huko Diani. Wageni wanapandishwa kwa gari mpaka Kwale juu, kisha wanashuka mpaka pwani na baiskeli za milima, yeye mbele akiwaonyesha njia. Hawapiti lami. Wanapita vijia vya mawe na mizizi, tena wanaruka. Juma lililopita mkono wa pedeli ulimkatikia katikati ya mteremko. Ule wa kulia. Ni kile chuma kinachoishika pedeli, mafundi wanakiita krenki. Akaangukia kichaka cha miiba. Upande wa pili ni mawe matupu. Alhamdulillahi. Uso umechunika tu. Nilimpapasa mwili mzima kama mtoto mchanga, akaona haya mbele ya mkewe.

Jumatano, 9 Septemba

Amekuja na baiskeli imefungwa krenki nyingine. Imetolewa stoo, kwenye baiskeli isiyotumika. Nyeupe, inang'aa kama kijiko. Nimeushika ule mkono uliokatika, aliouleta mfukoni, na huu ni pacha wake. Mwepesi! Mwiko wangu wa ugali una uzito kuushinda. Nikamuuliza, chuma kama hiki kitambebaje mwanamume mzima anayeruka majabali?

"Hii ni ya Ulaya, mama."

Na ile iliyokatika ilikuwa ya wapi? 

Jumamosi kuna mashindano ya kushuka, kutoka Kwale juu mpaka huku kwetu Matuga. Mwenye hoteli atakuwapo. Katika wale vibarua atamchagua mmoja amwandike kazi ya kudumu. Bakari anaitaka kazi hiyo kwa ajili ya mtoto anayekuja. Namwelewa. Naogopa.

Mutiso alikuja naye, tukala pamoja. Ni fundi wa baiskeli pale hotelini, Mkamba, Mkristo, kijana wa heshima. Shikamoo zake anazikokota lakini anazitoa. Amesema Bakari kila akiruka anatua mguu wa kulia ukiwa mbele, ndiyo sababu krenki ya kulia inakufa kwanza. Eti abadilishe, aweke wa kushoto mbele.

"Wa kushoto ni wa kuingilia chooni, bwana," Bakari akamwambia.

"Basi ushuke huo mlima kama unaingia choo!"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika goti. Mimi nilicheka kidogo. Mguu wa kulia mimi ndiye niliyemfundisha, tangu anatambaa. Kutoka nyumbani, kuingia msikitini, kuvaa kiatu, kulia kwanza. Umeshaingia damuni. Hautoki kwa siku tatu.

Alhamisi, 10 Septemba

Bakari alikuwa amelala. Nikaipangusa baiskeli vumbi kwa leso yangu kuukuu. Leso ikanasa. Uzi mmoja uliingia kwenye krenki, karibu na tundu la pedeli, kwenye mkono ule uliotoka stoo, wa kulia vile vile. Nikainama. Kuna mstari mwembamba kama unywele.

Alipoamka nikamwonyesha. Mkwaruzo tu, akasema. Mzee Salimu naye akasema nimwache mtoto wa kiume afanye kazi yake.  

Ijumaa, 11 Septemba

Namshukuru Mungu. Namshukuru na Mutiso. 

Mutiso alikuja baada ya sala ya Ijumaa kukaza kaza nati. Nikamvuta kando nikamwambia habari ya uzi. Hakunicheka. "Mathe, niletee masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia kidogo." Akavichanganya, akaupaka ule mkono wote, akaupangusa kwa kitambaa. Chuma kikarudi cheupe. Ule mstari ukabaki mweusi. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyouona, umezunguka tundu ukashuka upande wa ndani.

"Boss, hii ingekuachia kesho kwa zile mawe," akamwambia Bakari.

Bakari aliketi chini. Halafu, mtoto huyu! Akasema atakwenda nayo vivyo hivyo, atashuka taratibu. Nani anashuka mashindano taratibu? Mimi nikaanza kulia. Zaituni hakulia. Alikwenda na tumbo lake akaketi juu ya kile chuma cha katikati ya baiskeli, akashika usukani.

"Haya. Kama ni salama, kesho tushuke sote watatu."

Bakari akamshika mkono akamshusha. 

Ndipo Mutiso akaipindua baiskeli yake mwenyewe. Krenki zake ni za chuma cha zamani, nene, nyeusi. Alizifungua pamoja na ekseli inayoziunganisha, akagonga, akapima, akagonga tena, mpaka adhana ya magharibi. Zikakaa. Yeye akaenda zake stendi kwa miguu. Nilimfungia mkate wa sinia. Nikaona ni kidogo mno.

Jumamosi, 12 Septemba

Nilisimama pale njia inapomalizikia, mimi na Zaituni. Baiskeli zilikuwa zimepita hapo asubuhi kwenda kupakiwa garini, na wenziwe walimcheka kwa krenki zile nene nikisikia kwa masikio yangu. "Bakari, umeng'oa reli?" "Ukifika chini tuazime tutwangie mahindi!" Alicheka nao, lakini namjua, ilimuuma.

Tukangoja. Nilisoma kila dua niliyoijua, nyingine nikazichanganya.

Aliyetokea kwanza si yeye. Wa pili si yeye. Zaituni alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Kisha pale juu kwenye ukingo baiskeli ikaruka, nikaona mguu wa kulia mbele, ikatua kwa kishindo. Krenki hazikutikisika. Akaja, vumbi tupu, meno yote nje.

Kazi ya kudumu amepewa kijana wa Msambweni, aliyefika kwanza. Bakari anabaki kibarua. Amehuzunika sana. Mimi nilijawa na furaha, nikalazimika kuuficha uso kwa leso ili asiione. Mungu anisamehe, sikuweza kuhuzunika hata chembe.

Jumatatu, 14 Septemba

Bakari amekwenda kazini. Leo wageni wanashuka tena. Mutiso amesema zile krenki akae nazo, yeye atajitafutia nyingine. Sijui nimwombee dua gani mtoto wa mwenzangu huyu, mama yake yuko mbali huko Machakos na hajui mwanawe alichonifanyia.

Zaituni anafua. Mama mkwe amelala. Bakari alipokuwa akitoka nilimshika bega tu, nikamwambia, ukifika chini salama mwambie yeyote anayepanda kuja huku aniletee habari upesi, hata kama ni neno moja.