Jina Jingine Kwenye Jalada

Malaba, 9 Machi 1967

Kwako dada Roselida,

Natumai hapo Jinja hamjambo, wewe na shemeji. Huku mvua imeanza na mahindi yameota.

Kile kitabu changu kuhusu mama na mafuriko ya Budalang'i nimekitembeza kwa baiskeli tangu Krismasi. Wachapishaji wa Nairobi niliowapelekea mswada waliniambia siku hizi wanataka vitabu vya shule tu, changu nikichapishe na kukiuza mwenyewe.

Juzi nilikipeleka shuleni hapa. Mwalimu Bwire alisoma ukurasa mmoja, akacheka.

"Mzee, hiki tunacho darasani."

Akaniletea chao. Maneno ni yangu yote, hata jina la mama hawakulibadilisha. Lakini jina la mwandishi ni la mkubwa mmoja wa wachapishaji wale wale. Nilisikia darasa likisoma kwa sauti pale mama anapokuvusha maji ukiwa mabegani mwake.

"Chako kina jina jingine. Unamfahamu mwandishi huyo?" mwalimu akaniuliza.

Nani angeniamini, na vumbi lile la njiani mwilini? Nikasema, "Hapana. Mimi ni muuzaji tu."

Dada, niliona aibu kana kwamba mwizi ni mimi. Usimwambie mama. Bado anamwambia kila mgeni kwamba mwanawe ni mwandishi.

Ndugu yako mwenye uchungu,
Methuselah