Fisi Aliyepewa Jina la Jirani

Mama Kavindu, nakusalimu kwanza halafu naomba usinitaje jina, kwa sababu hapa Migwani gazeti moja husomwa na soko zima. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Tano na muhula huu nilitaka watoto wajifunze kusimulia kwa video, kila mmoja amrekodi mtu mzima wa kwao akitoa hadithi, tuikate na kuipanga pamoja darasani, tuweke maandishi ya Kiswahili chini, kisha niiweke kwenye chaneli ya shule mtandaoni, na kazi ilienda vizuri, hata mwalimu mmoja wa Kanyangi akaniandikia kwamba watoto wake wanazipenda.

Sasa kuna msichana anaitwa Wavinya, mtoto ambaye ukimwuliza swali anaangalia meza, yeye alimrekodi susu yake, nyanya mzaa baba, Mama Kalunde, akisimulia fisi aliyetumwa kupeleka mbuzi wa mahari akamla njiani pamoja na kamba, na wewe unajua vile wazee wetu husimulia, fisi lazima apewe jina la jirani ndio watoto wacheke, na Mama Kalunde akamwita Nyamai kwa sababu Mzee Nyamai ni jirani yake tangu ujana na hutaniana hivyo siku zote, na mimi nikaona ni tamu, nikaipa video kichwa "Nyamai, Fisi Mla Mahari", watu wakaisambaza mpaka Sultan Hamud, ambako kijana wa Mzee Nyamai anauza vipuri, na wateja wakaanza kumwuliza babake alikula mbuzi wa nani.

Mzee Nyamai ni mzee wa kanisa. Siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango, akitoka hamsalimii Mama Kalunde, na ule mwanya wa kwenye ua ambao walikuwa wanapitia kuombana chumvi ameuziba na miiba. Wavinya naye amerudi kunyamaza, anadhani ni yeye amewakosanisha. Nilimwendea mzee nikamweleza kwamba ni hadithi tu, na ni elimu, na sasa yeye ni mtu maarufu. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, Kalunde nimemjibu miaka yote. Hawa wa kwa simu nitawajibia wapi?" kisha akaendelea kulisha mbuzi wake. Mwalimu mkuu anasema nisiitoe kwa sababu ndiyo inaangaliwa sana, mke wangu anasema niitoe, na mimi kusema kweli naona mzee hana utani. Nifanye nini?

Mwalimu, Migwani

*

Mwalimu, pole. Na kazi yako naiona. Mtoto wa kunyamaza kushika simu na kumwongelesha nyanyake, hiyo si kazi ndogo, usiiache.

Lakini usiniambie mzee hana utani. Mtu ameitwa fisi tangu ujana na bado akaacha mwanya kwenye ua ili jirani apite. Huyo anakushinda utani mbali sana.

Soma barua yako tena, polepole. Mama Kalunde alilitaja jina hilo kwake nyumbani, mbele ya mjukuu anayemjua Nyamai vizuri. Nani aliliandika juu kabisa, watu wasiomjua walione kwanza? Ni wewe. Susu hakukosea, mtoto hakukosea. Ulitaka watu wabonyeze, nao wakabonyeza.

Mzee alikuambia shida yake wazi, ukampita. Kwetu anayetaniwa hujibu. Angepitia pale kwenye mwanya wa ua na fisi wake anayeitwa Kalunde, watoto wangecheka upya, mambo yangeisha. Wewe umempa Kalunde nchi nzima ya kumsikiliza na Nyamai hukumpa hata mtu mmoja. Halafu ukaenda kumpongeza kwa umaarufu. Hapo, mwanangu, nilitamani kukuvuta sikio.

Sasa fanya hivi. Toa hiyo video leo, kabla hujakunja gazeti. Mwalimu mkuu akilalamika, mwambie akubali fisi aitwe jina lake, tuone. Kesho simama darasani umwambie Wavinya kwamba kazi yake ilikuwa nzuri na kichwa kibaya kilikuwa chako. Mbele ya wenzake, si pembeni. Na kuanzia sasa mtu yeyote anayetajwa kwenye hadithi aonyeshwe video kabla haijatoka shuleni. Akikataa, fisi aitwe Fisi, inatosha.

Jumamosi beba sukari na majani ya chai kama mtu aliyelelewa, umchukue Mama Kalunde na mjukuu wake, mwende kwa Mzee Nyamai. Omba msamaha bila kutaja neno elimu. Chai ikishanyweka, mwulize kama anajua hadithi ya fisi anayeitwa Kalunde. Ninaamini anayo tayari, na ni ndefu. Mwache aisimulie mpaka mwisho, Kalunde akiwa hapo anasikia.

Na simu yako ikae mfukoni mpaka mzee mwenyewe aulize iko wapi.

Mama Kavindu