Wageni Wasioomba Maji

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sikufundishwa namna nyingine ya kuanza kuzungumza nawe, na ukali wako juu ya salamu bado ninauogopa.

Nimekuja Kikwe Jumapili hii. Nimekaa kwenye kigoda chako, nje ya nyumba ya baba mdogo, na mapajani nina kile kitabu tulichokiacha katikati ulipozidiwa. Nataka nikumalizie. Nimechelewa kwa sababu moja tu: nilikwisha kujua kinavyoisha, na sikutamani kuona kwamba sikukosea.

Unakumbuka nilivyoanza ugonjwa huu wa riwaya za sayansi. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nikapata kazi ya kupima vitambaa dukani kwa Mzee Kanji mjini. Wazungu waliokuwa wakirudi kwao walimwachia makasha ya vitabu, naye akaviweka chini ya kaunta pamoja na magunia ya chumvi. Jumamosi alinichagulia kimoja bila hata kutazama jalada. "Chukua hii, binti. Iko na watu ya juu tena," aliniambia, nami nikapanda nacho nyumbani kwa miguu, nikisoma njiani mpaka nikajikwaa.

Siku hizo nilisoma moyo ukinidunda. Sasa, baba, nikisoma kurasa chache tu nimemaliza. Namjua mzee atakayeonya watu nao wasimsikilize. Namjua kijana atakayekufa kabla ya harusi yake, maana ndiye anayemwonyesha kila mtu picha ya mchumba. Chombo kutoka angani kinashuka, moto unawaka, mji unabomoka, mtaalamu anakuna kichwa, kisha anagundua kwamba wale viumbe wanaogopa chumvi, au baridi, au kelele. Wanaondoka. Kinachobadilika ni rangi ya ngozi yao. Nimeviambia vitabu hivyo maneno mabaya ambayo usingependa kuyasikia, na bado kila Jumamosi ninanyoosha mkono.

Wewe ndiye uliyekuwa ukivifanya vipya. Jumapili baada ya kanisa, tukishakula loshoro, yale mahindi ya mama yaliyopondwa na maziwa ya mgando, yakiwa bado yamegandia midomoni, ulikaa kusokota kamba zako za ngozi nami nikakusomea, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni, na Kiswahili kikinishinda naruka kwenye Kimeru. Mara ya kwanza sikuwa na neno la hao viumbe. Nikasema wageni.

Kamba ikasimama. "Wageni? Waliomba maji?"

"Hapana, baba."

"Walipiga hodi?"

"Walichoma daraja."

"Basi hao si wageni. Mgeni anaomba maji, anakaa, anaaga. Tafuta neno lingine."

Sikulipata. Tukaendelea kuwaita wageni, na wewe katika kila kitabu ukaendelea kuulizia maji. Mama, ambaye alijidai hasikilizi, alisema utawatia kiu watu wa juu mpaka waje kwetu kweli. Katika kitabu kimoja chombo kilitua kileleni mwa mlima mrefu. Ukageuka ukautazama Meru, ukasema hapa watajisumbua bure, mashamba yameshajaa. Nilicheka mpaka nikapoteza ukurasa.

Kisha ukaja mkutano wa bondeni, chini ya nyumba zetu, kule ng'ombe wetu walikokuwa wakichungwa tangu babu hajaoa. Sipendi kuukumbuka lakini siwezi kukuandikia nikauruka. Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, alisimama kwenye kivuli cha gari lake, na mkalimani wake pembeni, kijana aliyevaa viatu vinavyong'aa. Mkalimani akasema, "Bwana anasema eneo hili wamepewa wageni watakaolima mashamba makubwa. Ninyi mtahamishwa. Malori yapo tayari."

Wewe ukasimama, ukavua kofia, ukauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko nyumbani na kitabu kiko mkononi mwangu: "Hao wageni wataondoka lini?"

Wengine waliguna, wengine wakacheka. Mkalimani aliangalia viatu vyake. Yule mzungu akamuuliza umesema nini, na mimi peke yangu kati ya watu wa kwetu ndiye niliyesikia na kuelewa alivyojibiwa. Aliambiwa kwamba unauliza malori yataondoka lini.

Mzungu akajibu vizuri, tena kwa upole. Mkalimani akageuka. "Bwana anasema, kesho asubuhi."

Baba, uso wako. Ulinitazama kama mtu aliyesomewa mwisho asioutegemea. "Umesikia?" ukaniambia. "Kesho asubuhi." Mpaka leo sijui kama uliamini au ulikuwa unatania. Mimi niliyejigamba kwamba hakuna hadithi inayonipita sikuweza kukisia neno moja zaidi. Nilikushika mkono tu, nikakuvuta ukae.

Asubuhi walikuja. Ng'ombe waliswagwa mbele na askari, nasi tukapakiwa na masufuria. Ulikaa juu ya gunia, kamba zako miguuni. Lori lilipoanza kutembea ulisema, si kwa hasira, "Kumbe wageni ni sisi."

Hapa Kikwe hukuugua ugonjwa wenye jina. Uliacha tu kusokota, maana ng'ombe walikuwa wamebaki wachache, na kamba ungemfungia nani. Nilikuletea kitabu hiki nikidhani kitakuchangamsha. Tulipofika katikati uliniambia, "Hawa hawataondoka." Nikakubishia kwamba wote huondoka, nimevisoma vingi. Ukafumba macho ukasema, "Wewe unajua vitabu." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu ambayo hayakuwa ya kuomba dawa au blanketi, na yananiuma kila ninapopita karibu na kaunta ile.

Ndiyo maana sikukifungua. Kilipokuwa kimefungwa ulikuwa bado una nafasi ya kushinda. Nilitaka, mara moja tu, mwandishi mmoja huko Ulaya awe amekusikia wewe.

Leo nimekusomea kwa sauti, sura zote zilizobaki, kuku wakinizunguka. Kijana mwenye picha ya mchumba amekufa. Mtaalamu amekuna kichwa, wanaogopa chumvi. Ukurasa wa mwisho jua linachomoza, chombo kinapaa, watu wanatoka mashimoni na kurudi kwenye nyumba zao, na nyumba zipo. Wameondoka, baba. Wameondoka wote, hata mmoja hakubaki. Nimechukia kuwa nilijua. Kule kwetu, aliyepita juzi anasema wale wageni wa mashamba makubwa wamezungusha waya na kung'oa migomba yetu, na hakuna anayeonyesha dalili ya kuondoka.

Nilipokifunga nilidhani niko peke yangu. Mama alikuwa mlangoni, mabega yamemwinamia, nguo ya msiba bado mwilini. Huyu ambaye miaka yote alijidai hasikilizi. Akaniuliza taratibu, kama anakukumbusha wewe uliyesahau zamu yako:

"Waliomba maji?"

Muda mrefu hakuna neno lililonishtua, baba. Hilo lilinishtua. Mama alikaa chini kando yangu, tukalia pamoja mpaka baba mdogo akatoka kuuliza kuna nini.

Jua linateremka na njia ya mjini ni ndefu. Mzee Kanji kitabu chake nitamrudishia kesho, na nitamwambia asinichagulie kingine kwa sasa. Nimekunywa maji yako ya kwenye mtungi, nimekaa, na sasa naaga, kama ulivyotufundisha.

Binti yako, ambaye neno lile bado hajalipata.