Lori la shemeji limemuumbua

Shoga, niko kwa dada.

Si unalijua lori la shemeji? Fundi kachomelea bomba la moshi nusu, akamwambia alitembeze hivyo hivyo mpaka kesho. Linanguruma hadi mtaa mzima unajua lilipo.

Sasa hivi kaaga: "Naenda kwa fundi mara moja, narudi kula."

Gereji iko kule chini barabarani. Sisi jikoni tunalisikia lori linakata kona, linapanda mtaa wa nyuma, linazimwa.

Mtaa wa nyuma, shoga. Likazimwa.

Dada kaganda na sufuria mkononi. Mama mkwe wake hata macho hakuinua: "Ameshafika kwa mwenzio. Punguza mchele."

Eti punguza mchele.

Na dada akapunguza.