Mihogo ya Siku Mbili

Kasongo, Jumatano asubuhi

Kwako Mama mzazi,

Ninayo heshima ya kufika mbele yako kwa barua hii, nikitumaini itakukuta mzima, na kwamba mguu wako uliovimba wakati wa kuvuna mpunga umepona. Mwalimu wa kanisa atakayekusomea ninamwomba asiruke neno hata moja. Tena asome mbele ya mjomba Kalonda, mjomba akiwa ameketi, na panga lake liwe nje ya nyumba.

Husomi, Mama, lakini unazijua herufi zangu. Ulizoea kusema zinasimama kama askari siku ya gwaride. Hizi unazoonyeshwa leo zimelala, kwa sababu si za mkono wangu. Mkono wangu wa kulia umefungwa vitambaa na vidole vitatu vimevunjika. Mimi ninatamka, mwenzangu anaandika. Nimemwonya aandike Kiswahili cha vitabu, kile nilichojifunza peke yangu kwa taabu, si kile cha sokoni.

Najua habari zimekwisha kufika huko kwetu Wamaza, Kabambare, kabla yangu. Mchuuzi wa vitenge aliyetoka huko ametuambia jana kwamba mjomba amenoa panga, amekusanya vijana, na Jumamosi watashika njia kwenda Nyangwe kulipiza damu yangu. Kwa hiyo ninaeleza mambo yalivyokuwa, kwa utaratibu, bila kujipendelea.

Huu ni muhula wangu wa mwisho katika shule ya waganga wasaidizi. Asubuhi tunahudumia wagonjwa, mchana tunajifunza mifupa na mishipa ya mwili, jioni tunakariri. Juu ya hayo, nilichaguliwa kupiga likembe ya marehemu Baba, kile kisanduku cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, katika kundi letu la muziki, ili tupige siku ya kupewa vyeti. Na juu ya hayo tena, kwa kuwa tumechoka na maharagwe ya shule, sisi wa mwaka wa mwisho tunapika chakula cha kwetu kila Jumapili, kwa zamu. Jumapili ya juma lililopita zamu ilikuwa yangu.

Nilinunua mihogo michungu nikailoweka katika pipa nyuma ya bweni. Ilipasa niiloweke Jumanne. Jumanne nilikuwa na mtihani mdogo, Jumatano mazoezi ya muziki, nikaiweka Alhamisi. Jumamosi nikaitoa. Mama, ulinifundisha kuubonyeza muhogo kwa kidole gumba, na ukikataa kubonyea niurudishe majini. Niliubonyeza. Ulikataa. Nikajiambia kwamba moto utamaliza kazi, nikaukausha juu ya moto na kuutwanga.

Jumapili adhuhuri ugali ulikuwa mezani, pamoja na sombe ya majani ya mihogo yenye mawese na samaki wa kukausha. Wenzangu watano waliketi, na wa sita alikuwa Ramazani wa mwaka wa pili, aliyeletwa na kaka yake Salumu, mmoja wa wale watano. Hawa wawili ni watoto wa Mzee Saidi, mvuvi wa Nyangwe. Salumu, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, alinitazama nikivaa viatu.

"Yaya Anastasi, weye hauonji?"

"Kuleni, mimi ninachelewa mazoezi."

"Mpishi anakimbia chungu chake! Kuna binti huko mazoezini, kesho tutasikia ameoa."

Wakacheka, nami nikacheka. Nikaondoka na likembe yangu, bila kukata tonge la kwanza na kulila mbele ya macho yao kama wewe unavyofanya kwa kila mgeni.

Tulipiga muziki mpaka jua lilipoanza kushuka. Niliporudi nilikuwa bado ninapiga njiani. Uani nikamwona mmoja akitapika amepiga magoti, na wawili wamelala wakishika vichwa. Ramazani alikuwa juu ya mkeka, macho yamegeuka meupe, mwili wote ukitetemeka, povu kinywani. Nao wakaniona mimi, nimesimama wima, mkononi nina likembe.

"Mutazame, iko muzima!" Salumu alipiga kelele. "Sisi tunakufa na weye unapiga muziki! Muchawi wa Kabambare!"

Aliichukua likembe akanipiga nayo usoni. Sanduku lilipasuka na vyuma vyake vikaingia katika shavu langu. Jino moja nililimeza. Waliobaki na nguvu walinishika miguu, wakanikokota juu ya changarawe mpaka kwenye kinu nilichotwangia unga ule. Wakautia mkono wangu ndani. Salumu akanyanyua mchi.

"Sema umetia nini!"

"Mihogo. Haikulala majini siku zake."

Akashusha mchi. Nilisikia mifupa yangu, Mama, ile ambayo najua jina la kila mmoja.

"Sema!"

"Mihogo!"

Akashusha tena. Hapa kalamu imesimama, na mwandishi wangu anatazama dirishani. Nimemwambia: andika. Kwa maana mwandishi huyu ndiye Salumu mwenyewe, na mjomba na asikie vizuri jambo hilo.

Aliponyanyua mchi mara ya tatu, nikasema, "Nipeni ugali uliobaki." Mmoja akaleta sahani. Nilikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hukunifundisha, kwa sababu wa kulia haukuwa mkono tena. Nilikula tonge la kwanza, la pili, la sita, damu na ugali pamoja, nikiwatazama. Nilikula mpaka sahani ikawa tupu. Baadaye nilianza kutapika kama wao, na miguu ikafa chini yangu. Ndipo Salumu akautupa mchi, akalia kwa sauti. Alimpeleka mdogo wake hospitali mgongoni, akarudi mbio kunichukua mimi.

Daktari alituambia kwamba muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sumu yake wenyewe. Ramazani alikaa siku mbili bila kumjua mtu. Siku ya tatu akaomba maji. Sasa anatembea, na jana alinitania kwamba nikishapata cheti nisifungue hoteli.

Mkuu wa shule, ambaye ni Mbelgiji, alitaka kumtia Salumu mikononi mwa polisi. Nilimwandikia ombi kwa kinywa changu na kalamu ya mwingine, nikieleza kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu: sikuonja. Alichukua vyungu vyote na magitaa yote ya kundi letu, kisha akatoa neno. Jumatatu ijayo mimi na Salumu tutafanya mtihani wa mwisho. Mimi nitajibu kwa mdomo. Lakini ikiwa damu itamwagika tena kwa sababu hii, hapa au Nyangwe, sisi wawili tutafukuzwa bila cheti, na mwenye panga atakwenda gerezani.

Mjomba Kalonda, wewe ndiwe uliyenibeba mabegani siku ya kumzika Baba. Uchungu wako ninauheshimu. Lakini miaka yangu minne ya shule imo mikononi mwako tangu sasa hadi Jumamosi.

Mwenye kuleta barua hii, ambaye sasa amesimama mbele yenu na baiskeli yake, ndiye Mzee Saidi, baba yao. Nilimkataza. Alisema mwana wake amevunja mkono wa mtoto wa watu, basi yeye mwenyewe ataileta sura yake mbele yenu. Amechukua samaki. Mama, pika ugali, wa mihogo ya siku nne. Mjomba ale naye katika sahani moja.

Unisalimie dada yangu anayekusaidia shambani, bibi asiyesikia mpaka apigiwe kelele, na mwalimu anayesoma haya kwa uvumilivu. Ninajinyenyekeza chini ya baraka yako, nikiweka hapa alama ya kidole gumba cha kushoto, ili ujue maneno ni yangu.

Mwanao,
Anastasi

Mama, ni miye Salumu. Anastasi iko analala sasa, hakuniambia niandike hii. Baba yangu anasema haogopi panga ya mujomba. Anaogopa ugali. Onja weye kwanza, Mama, yeye akuone.