Mabomba ya Pijo ya Marehemu Baba

Makorora,
Tanga.
21 Februari 1988

Mpendwa mdogo wangu Taimur,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako uliyoiandika kwa wino wa kijani nimeiona, marahaba, baba. Natumai wewe, wifi yangu Lina na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Maskati, kama huko kuna kitu cha kuitwa baridi, haijawasumbua. Sisi huku tu wazima kwa uwezo wake Mola, ila uzima wenyewe ni wa kuchechemea. Mimi mgongo, shemeji yako Uweso macho. Habari za Mama nitakueleza hapo chini, maana ndizo zilizonikalisha kitako nikuandikie.

Mzigo wako tumeupokea kwa mkono wa Hafidh aliporudi kutoka huko, salama salimini. Maziwa ya unga, dawa na vitambaa vyote vimefika, hakikupungua kitu. Sabuni usihangaike tena kuleta. Zamani ungeleta kipande kimoja tungekikata vipande na kugawana na jirani. Siku hizi sabuni zimejaa madukani, na sukari, na redio, na viatu vya mtumba vimepangwa barabarani kutwa nzima. Tunapita tunatazama. Mpwa wako Rahila amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo huku akigombana na mimi kila asubuhi, kwa hiyo naye hajambo.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Ukurasa wa kwanza mabomba. Ukurasa wa pili mabomba, na mchoro juu yake, umeuchora vizuri kweli. Mama umemwekea mstari mmoja chini kabisa, kwamba nimwambie unamwombea dua. Nilikasirika, sikufichi. Baadaye nikajiambia kwamba wewe ndivyo ulivyo tangu utoto: jambo likikuuma, unashika bisibisi.

Wewe Pijo ya marehemu Baba uliiacha na bomba lake la kiwandani, na najua Hafidh amekupa nusu ya habari, kwa hiyo ngoja nikupe iliyobaki. Lile bomba la chuma kizito lililoshikana na ubavu wa injini lilipasuka mwaka juzi. Tulitafuta jingine hapa mjini, tukaagiza Arusha, tukaagiza Mombasa, hakuna. Mwisho fundi Mselem wa hapa Makorora akachukua mabomba chakavu ya kiwanda cha mkonge, akayakata, akayakunja, akayaunga kwa gesi: manne yanatoka kwenye injini yanakutana kuwa moja, kisha ekzosi. Kusema haki, gari lilipata nguvu kuliko zamani. Tatizo joto. Joto lilikuja mpaka miguuni, ndala yangu siku moja ilinata kwenye chuma cha sakafu. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, kutu ilianza kuyala mabomba kabla hata sijazoea mlio wake.

Mselem akasema dawa yake ni rangi ya fedha, ile inayostahimili moto. Tukapata kopo moja kutoka Mombasa. Gari lilikuwa Tongoni, nyumbani kwa Mama, kwa sababu huko ndiko lilikogoma. Mselem akaja na mfuko wake wa vyombo, akayafungua mabomba, akayakwangua mpaka yakawa meupe, akayaosha kwa petroli, akayatundika barazani ili apake rangi kesho yake. Kazi safi. Mimi nilikuwepo.

Unayakumbuka yale mafuta ya zeituni uliyomletea Mama ya kuchua kifua? Aliyasomea Yasini usiku ule, akayapaka mabomba yote, ndani na nje, kisha akayapangusa kwa khanga yake yasichafue baraza. Asubuhi mabomba yanang'aa. Mselem akayatazama, akatabasamu, akadhani anaona ukwanguaji wake mwenyewe. Akapaka rangi juu ya mafuta yaliyosomewa.

Safari ya kwanza tu ya kwenda kliniki, rangi ikaanza kutoka magamba, na mafuta yale yakaungua, moshi ukaingia ndani ya gari. Mama, mwenye kifua kile, alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilisimamisha gari, nikamshusha, nikamkalisha pembeni ya njia ya Pangani nikimpepea kwa kadi yake ya hospitali. Pumzi ilipomrudia, akaniambia kwa fahari kabisa: "Bila ya ile Yasini yangu, leo gari hili lingewaka moto." Ndipo nilipojua. Sikumwambia kitu. Mselem naye sikumwambia, mpaka leo analaumu rangi ya Mombasa. Nawe tafadhali usije ukamwambia Mama, hata kwa utani. Aliyapaka kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ndilo gari litakalokwenda kukupokea wewe.

Ndio ukaja ushauri wako. Umesema una njia mbili. Ya kwanza, unitumie kopo la rangi bora zaidi, ambayo ukiitunza sana itakaa mwaka, halafu tukwangue tena. Ya pili, niyafungue mabomba, nikupelekee kwa mkono wa Hafidh, uyapeleke kwa hao wataalamu wa Dubai wayapake seramiki, kitu cha jamii ya kauri kinachookwa kikashikana na chuma. Joto linabaki ndani ya bomba, kutu haiyagusi, na unasema yatakaa miaka kumi. Ukapigia mstari miaka kumi, mara mbili.

Nyumbani hapa palikuwa na baraza kubwa kuliko la harusi. Uweso alikuwa upande wako moja kwa moja. Yeye kitu kikitoka Dubai hana swali. Mselem alipoelezwa kwamba bomba la ekzosi litapakwa kitu cha jamii ya vikombe vya chai, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Dada Fakhria, mashimo ya njia ya Tongoni yale, kauri itafika?" Nadhani hajui anachokisema, lakini na mimi sijui, kwa hiyo tulikuwa sawa.

Mimi nilichagua seramiki. Nikueleze kwa nini: kwa uchovu. Nilichoka na kukwangua, nilichoka na harufu, nilichoka na kumtafuta Mselem na kumbembeleza. Wewe ukiwa mbali unaliona gari. Mimi naona kwamba kila wiki lazima nitoke kazini kwa ruhusa ya kuomba, nitafute petroli, niende Tongoni, nimchukue Mama, nimpeleke hospitali ya Bombo, nisubiri, nimrudishe, kwa sababu kuhamia kwangu hataki. Nyumba ile ni ya mama yake na anataka kufia humo, anasema hivyo huku akichambua mchele, kama anayetaja siku ya soko. Nikaona nikipata kitu kimoja tu katika maisha yangu ambacho sitakishughulikia tena kwa miaka kumi, nishukuru. Mabomba yakafunguliwa, tukayafunga kwenye gunia la katani, tukaandika jina lako. Pijo ikabaki juu ya mawe uani, ikisubiri Hafidh asafiri na arudi.

Jumamosi iliyofuata akaja Maulid, jirani yake Mama wa pale Tongoni, kwa baiskeli, shati limelowa. Mama hawezi kupumua, amekaa kitako tangu alfajiri, akilala anazama. Taimur, nilisimama uani nikalitazama lile gari. Funguo ninazo mkononi. Petroli imo, mara hii imo. Injini imo. Mabomba yako kwenye gunia.

Uweso alikimbia kutafuta teksi. Aliyekuwa na gari hakuwa na mafuta, aliyekuwa na mafuta hakuitaka njia ile. Mselem hakuwepo, alikuwa Muheza mazikoni. Maulid ndiye aliyerudi nyuma akasimamisha lori lililotoka mashamba ya minazi. Mama yetu alifika hospitali juu ya magunia ya mbata. Alikuwa amevaa buibui lake zuri, kwa sababu aliambiwa anakwenda mjini, na mavumbi ya mbata yamemjaa mpaka kope. Aliponiona aliomba radhi kwa wale wapagazi kwamba amewachelewesha. Mimi nililia pale pale mbele ya watu, na umri wangu huu.

Alikaa wodini karibu wiki mbili. Wamemtoa maji, miguu imepungua uvimbe, sasa analala kwa mito mitatu. Daktari aliniita pembeni, mtu mpole, akaniambia moyo umetanuka na umechoka, dawa zitamsaidia apate nafuu lakini hazitaurudisha ulivyokuwa. Nilimuuliza tuhesabu nini. Akasema tusihesabu kwa miaka. Nimekuandikia kama alivyosema, sikupunguza wala kuongeza, kwa sababu najua Hafidh akikuletea habari hizi atazipaka sukari.

Sasa yuko kwangu, kwa ugomvi. Kila siku anauliza lini anarudi Tongoni kwake. Juzi alikaa ukumbini akaliona gunia mlangoni, akauliza ni nini. Nikamweleza yote, rangi na seramiki, ya mwaka na ya miaka kumi. Alisikiliza vizuri kweli, unajua anavyosikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na hiyo ya vikombe," akasema, "yaende Dubai, yarudi, lini?"

Nikasema pengine baada ya Idi kubwa, Hafidh akijaaliwa.

"Na mwenyewe Taimur atakuja nayo?"

Nikamwambia hapana Mama, atampa Hafidh.

Kisha akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Mwandikie nduguyo. Hiyo ya miaka kumi ajipakie gari lake, yeye kijana. Mie n'taka hiyo ya mwaka. Tena mwambie mwaka wenyewe asin'tilie wote, mwingi."

Nilikwenda jikoni nikajifanya naosha sufuria.

Basi uamuzi ndio huo, na si wangu tena. Nimelifungua gunia. Mselem ameyarudisha mabomba kwenye gari, matupu, na kutu yake, yanapiga kelele na miguu yangu inaungua, lakini likiwashwa linakwenda, na kila jioni kabla sijalala nahakikisha ufunguo uko mahali pake. Silitoi tena bomba lolote kwenye gari hilo maadamu Mama yu hai. Seramiki yako ni kitu kizuri, naamini kila neno uliloandika, na kama ungeniambia mwaka ule Baba alipolinunua ningekubusu mikono. Kwa sasa tunataka rangi. Kopo moja dogo linatosha.

Ila kopo hilo usimpe Hafidh. Lilete mwenyewe. Najua kazi, najua ruhusa, najua tajiri wako ni mgumu, umeshaniandikia yote hayo Idi iliyopita na ile ya kabla yake, nami kila mara nilimsomea Mama kwa sauti ya furaha kana kwamba ni habari njema. Safari hii sisomi. Nimechoka kukusemea, Taimur. Mambo mengine yote nimeyaweza na nitayaweza: gari, hospitali, petroli, hata kukuombea radhi kwake. Kuwa wewe tu ndiko siwezi.

Rajabu imeshaingia, na Shaabani ipo mlangoni. Ukiwahi kabla ya Ramadhani utafunga naye siku za mwanzo, maana hakubali kuambiwa asifunge, labda wewe atakusikia. Shuka Dar es Salaam, tupigie simu kazini kwangu, nami nitakuja kukupokea kituo cha mabasi kwa Pijo hiyo hiyo. Utaisikia kabla hujaiona.

Uweso anakusalimu sana na anauliza kama ile saa uliyomwahidi bado ina uhai. Rahila anakuamkia, shikamoo mjomba. Maulid wa Tongoni salamu zake, nawe umletee kitu, chochote, baiskeli yake siku ile ilikufa njiani. Mselem anasema karibu, na kopo usilifungue mpaka yeye aone maandishi. Nisalimie Lina na uwabusu wanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, amlainishe huyo tajiri wako, na akufikishe kwetu kwa miguu yako ukiwa salama. Amin.

Mama mwenyewe yuko hapa pembeni yangu, hasemi nikuandikie nini, ananitazama kalamu tu. Ile chupa ya mafuta ya zeituni nimeificha juu ya kabati la nguo, imebaki kidogo chini. Safari hii nataka akupake wewe, mabomba tuyaache makavu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye kukungoja,

Fakhria