Sindano ya Tumbo Tupu

Jumatatu, Ramadhani 3
Sindano ya ishirini leo. Saa tisa alasiri, kwenye kibanda changu cha ushonaji, nyuma ya pazia la kupimia nguo. Kocha wa jim hapa Mwembesongo anasema hii peptidi ninayojidunga si homoni yenyewe. Inaiamsha tezi ya kichwani, nayo ndiyo inatoa homoni ya kukua. Ujana utarudi. Nina miaka arobaini na tisa, cherehani imeniua mgongo. Sharti tumbo liwe tupu. Nikaona Ramadhani ndipo penyewe. Akili zangu hizo.

Alhamisi, Ramadhani 6
Usingizi mzuri. Lakini njaa, lo! Sindano ikiingia tu, tumbo linakwangua. Zamani nilikuwa nakula baadaye. Sasa nangoja magharibi, natetemeka.

Jumanne, Ramadhani 11
Nimekula andazi. Saa kumi, nyuma ya pazia. Kisha nikafuturu na mke wangu kama mfungaji. Aibu tupu. Vidole vimevimba, pete haitoki.

Jumapili, Ramadhani 16
Nimeikata kanzu ya baba. Kila Idi anavaa niliyomshonea mimi, shingo nadarizi kwa mkono. Hataki ya dukani. Leo sindano ya kushonea imenichoma kidole, sikusikia. Nimeona damu tu kwenye kitambaa cheupe. Nimeogopa.

Jumamosi, Ramadhani 22
Zahanati. Daktari binti mdogo, kanipa shikamoo kisha kanigombeza. Maji yamejaa mwilini, kwenye kifundo cha mkono yanabana mshipa wa fahamu. Sukari nayo imepanda. “Baba, hizo dawa acha leo leo.” Ganzi itaisha lini? Hajui. Vichupa vyote nimetupa chooni. Kocha ati sina subira. Mshenzi.

Ijumaa, Ramadhani 28
Hata uzi sishiki. Mwanaidi, mke wangu, ndiye kadarizi shingo, mimi namwelekeza. Nimemwambia yote, mpaka andazi. Kacheka, kisha kanuna. Nimechoka.

Jumapili, Idi
Tumepanda mlimani Kinole kwa baba. Mvua. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kaipapasa shingo ya kanzu, taratibu, mara mbili.
“Huu si mkono wako.”
Nikampa vidole vyangu. Kavikanda muda mrefu, kimoja kimoja, kanzu mpya mapajani.
Nilikuwa namwona tu. Mikono yake sikuisikia.